Mwavuli Namba Saba, Safu ya Mbele

Mume wangu Fulvio aliniambia mwaka huu nipange likizo ya Agosti "kwa uhuru kabisa." Jamani, uhuru gani huo! Miaka kumi na mmoja nimeolewa Novara, kaskazini mwa Italia, na miaka yote likizo yetu ni mwavuli namba saba, safu ya mbele, kwenye ufuko wa kulipia kule Liguria. Mwavuli huo ni wa mama mkwe wangu, Iole. Mwavuli wa safu ya mbele haukodishwi hivi hivi, unarithiwa.

Jumapili ya Pasaka, kondoo akiwa bado mezani, nikasema, "Twendeni kusini, Calabria, kwa baba. Kuna fukwe, misitu, sherehe za mtakatifu wa kijiji." Habari ya macho ya baba yanayofifia walishaisikia. Kila akipiga simu ananiambia, "Njoo nikuone ningali naona."

"Fukwe tunazo," akasema mama mkwe. "Misitu? Ile mitende miwili pale maegeshoni ni nini? Utamaduni, mwenye baa anaimba kila Alhamisi. Tukikosa mwaka mmoja tu, wa safu ya pili wanatupora. Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu."

Fulvio alikuwa anachambua mifupa. Shujaa wangu huyo.

Nikapandwa na hasira. Nikampigia Tullio, mwenye ufuko, nikaweka spika wote wasikie. "Namba saba mwaka huu hatuchukui."

Tullio akashtuka, "Mungu wangu! Poleni sana. Mama Iole amefariki lini?"

Pale hakuna aachaye safu ya mbele akiwa hai. Kabla sijamsahihisha, mkewe akaidaka simu. "Poleni, poleni jamani. Sasa ule mwavuli... akina Bertolazzi wa safu ya pili tunao hapa mezani, wanauliza kama ni wao sasa." Nyuma yake nikasikia vifijo.

Nikakata.

"Bertolazzi," Iole akasema taratibu. "Miaka thelathini namkatia yule mwanamke tikiti maji. Hata hakuuliza nimekufa na nini." Akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Roho iliniuma, sitadanganya.

"Mama, niwapigie niwaambie uko hai?" Fulvio akauliza.

"Thubutu! Nimeshakufa, basi." Akanigeukia. "Baba yako ana chumba cha ziada?"

"Anacho, mama."

"Mwambie nakuja. Agosti nzima."

Miaka kumi na mmoja namwomba Mungu baba anione. Haya, ataniona, nimefuatana na marehemu.