Pedali ya Karani

Kila asubuhi, akishamaliza chai, Fundi alifanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule. Alifungua madirisha ya chumba cha mbele, akafagia vipande vya nyuzi vya jana, akavua ndala, maana tangu ajifunze ushonaji hakuwahi kushona na viatu miguuni. Kisha alikwenda pembeni mwa mlango kuchukua futi yake iliyoning'inia kwenye msumari. Akishaivaa shingoni, siku imeanza.

Asubuhi moja hakuifikia futi. Unyayo wake ulitua kwenye majimaji ya uvuguvugu, na kabla hajatazama chini, pua ilikuwa imeshamwambia.

"Karani!"

Karani alikuwa mbwa jike wa rangi ya kahawa, sikio moja limesimama, jingine limelala. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa tabia yake ya kukaa wima mlangoni akimkagua kila aingiaye, kama karani wa ofisi anayetaka kwanza kuona kitambulisho. Tangu alipoacha utoto hakuwahi kujisaidia ndani, na Fundi alijivunia jambo hilo kuliko cheti chake cha ushonaji. "Wapo watoto wa watu wanaolowesha magodoro mpaka leo," aliwaambia wateja, pini zikiwa mdomoni. "Lakini Karani wangu? Thubutu!"

Sasa huyo Karani wake alikuwa amejikunyata chini ya meza ya kukatia, mkia ameubana, anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Ajali haina kinga," Fundi alisema, akachukua tambara.

Lakini ajali hiyo ilizoea nyumba kama mgeni aliyeonjeshwa mchuzi. Ilirudi kesho yake. Ikatulia kidogo, ikarudi tena, na safari hii ilikuja mbele ya mtu wa mwisho ambaye Fundi angependa aione.

Mtu huyo ni Mwenye Saluni, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi usio na breki. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameipanua, Fundi akimpima gauni. Karani alikatiza chumba kwa heshima zote, akasimama chini ya ule msumari wa futi, akachuchumaa.

"He!" Mwenye Saluni akapaza sauti, mikono ingali hewani. "Leo karani kaandika barua ya kuacha kazi!"

"Anaumwa huyu," Fundi akasema upesi.

"Haumwi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Umemsifu huyu mbwa mpaka mtaa mzima tumechoka. Haya sasa, maji hayo!"

Fundi alicheka kwa midomo tu. Methali hiyo ilimchoma kwa sababu ilikuwa sheria yake mwenyewe. Binti yake wa pekee alimlea kwayo. Hakupata kumsifu usoni, hata siku moja. Binti aliporudi na matokeo ya chuo, amekuwa wa kwanza katika darasa la upimaji ardhi, Fundi aliyasoma yote, akakunja karatasi, akanyoosha mkono na kusema, "Kola yako imekaa upande." Akaiweka sawa. Kisha akavuka barabara mbio hadi saluni, na huko akasimulia mpaka wateja wakaomba mashine za kukaushia nywele zizimwe ili wasikie vizuri.

Ndivyo alivyokuwa. Sifa za binti yake alizigawa mtaa mzima, binti mwenyewe akimbakizia kola.

Alimpeleka Karani kwa daktari wa mifugo, kijana wa buti za mpira, mpole wa mikono. "Mbwa mwenye adabu akianza kukojoa ndani, kwanza tunauuliza mwili," daktari alisema. Alimbonyeza tumbo, akapima mkojo, akamtazama meno. Mwishowe akamkuna Karani lile sikio lililolala. "Kibofu salama. Figo salama. Sukari hana. Wala si uzee, huyu bado anavunja mifupa. Mama, nyumbani pamebadilika nini? Mgeni? Vyombo? Ratiba?"

"Hakuna kilichobadilika," Fundi akajibu, haraka kuliko swali lilivyohitaji.

Daktari hakubishana. "Basi usimpige, wala usimsugue pua pale. Atajifunza kukuogopa tu. Safisha kwa maji na siki, sabuni peke yake haimalizi harufu, na harufu inamwita tena. Mtoe nje mara kwa mara. Akijisaidia nje, msifu hapo hapo."

"Nimsifu?"

"Sana. Asiposifiwa atajuaje kama amepatia?"

Njiani Fundi alimwambia mbwa wake, "Daktari wako huyo hajui habari za mgema." Lakini aliyafuata maagizo. Alinunua siki. Alimtoa Karani uani asubuhi na kila alipokumbuka, na mbwa alipomaliza, alitazama kwanza kama majirani wapo, ndipo akanong'ona, "Mzuri wewe."

Tatizo lilikuwa kwenye kukumbuka. Fundi akizama katika kazi, hata nyumba ingeungua angeomba amalizie pindo. Siku moja alikuwa amezama hivyo hivyo, cherehani inanguruma, uzi ukakatika. Aliinua macho atafute ncha. Ndipo akaona.

Karani alikuwa pembeni mwa mlango, chini ya msumari. Aliinua mguu wa mbele, akaushusha taratibu, kama anayekandamiza kitu. Ukagusa saruji. Akamtazama Fundi. Akauinua tena, akaushusha tena juu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Sakafuni pale palikuwa na alama za miguu ya chuma. Hapo ndipo iliposimama cherehani kuukuu, ile ya kukanyaga, miaka yote. Tangu akiwa mdogo, Karani akibanwa alikuja akaweka mguu wake juu ya pedali, kando ya unyayo mtupu wa Fundi. Pedali ikawa nzito, gurudumu likasimama, Fundi akacheka na kuinuka kumfungulia mlango. Hakuna aliyemfundisha. Na Fundi alikuwa amezoea mno, hata akadhani ni yeye aliyekuwa akikumbuka kumtoa mbwa. Kumbe kila mara alikuwa akiombwa.

Cherehani mpya ilikuwa ya umeme. Ilikaa juu ya meza upande wa pili wa chumba, penye soketi, na kikanyagio chake kilikuwa cha plastiki, kidogo, kimefunikwa chote na mguu wa mwenyewe. Ile kuukuu ilikuwa stoo, chini ya gunia.

Fundi alimfungulia Karani mlango, akarudi kukaa. Hakushona.

Kuitoa cherehani stoo ni kazi ya dakika chache. Lakini hii mpya aliletewa na binti yake, kwa jasho la mwanzo la kazi yake ya kuzunguka porini na nguzo za kupimia. Aliingia nayo siku ile amekumbatia boksi pana kuliko yeye, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, upumzishe miguu." Sasa akija akaikuta imesukumwa kando, kuukuu imerudi mahali pake, ataelewa nini? Kwamba jasho lake limetupwa. Hatauliza, yule. Atanyamaza, ataondoka na jeraha lake kimyakimya, kama alivyofanya tangu utoto.

Hapana. Afadhali mbwa aonekane mkosaji.

Alijaribu kumsikiliza Karani kwa sikio moja na cherehani kwa jingine, na mshika mawili moja humponyoka. Kitambaa cha hariri cha mteja kiliteleza kutoka kwenye meza ya kukatia, kikaangukia pembeni mwa mlango, na Karani, baada ya kuomba na kuomba, akashindwa kujizuia palepale. Hariri ilioshwa ikapona. Fundi hakupona. Jina lake la kazi alikuwa amelishona kwa miaka, na halingeweza kunuka mkojo.

"Kaka yangu ana ghala," Mwenye Saluni alimwambia, safari hii bila utani. "Anatafuta mbwa wa kulinda. Kule atakojolea mchanga, hakuna wa kumsema. Jumamosi anaweza kupita amchukue."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Aliona kama shingo iliyoitikia si yake.

Jumamosi hiyo alifunga bakuli la Karani na tandiko lake katika kitambaa, akaviweka mlangoni. Mlango ukabishwa. Lakini aliyeingia si mtu wa ghala. Ni binti yake, buti zimejaa udongo mwekundu, mkoba wa vifaa begani.

"Shikamoo, Mama. Tulikuwa tunapima huku karibu, nikasema nipite."

"Marahaba. Kola yako."

Binti akainamisha shingo kwa mazoea, kola ikawekwa sawa. Karani alikuwa anamzunguka kama pia, analia kwa furaha. Ndipo macho ya binti yakafika kwenye furushi.

"Karani anakwenda wapi?"

"Kwenye ghala la watu. Amezeeka. Anakojoa ndani."

"Karani?" Binti akachuchumaa, akamshika mbwa uso kwa mikono miwili. "Nani kakusingizia wewe?"

Kana kwamba alikuwa akingoja kuulizwa, Karani alijinasua, akaenda chini ya msumari, akainua mguu. Akaushusha. Akageuka kuwatazama. Akauinua tena.

Binti alisomea masomo yake yote ya sekondari kwenye kona hiyo, mgongo umeegemea chuma cha cherehani. Hakuhitaji kuambiwa.

"Anatafuta pedali," alisema polepole. "Mama, anabisha hodi." Akasimama, akafungua mlango, Karani akatoka kama risasi. Kisha akageuka. "Ulijua?"

Fundi alivuta pindo la kanga yake. "Cherehani yako ni nzuri. Inashona kama maji."

"Sikuuliza hilo, Mama."

"Miguu inapumzika. Magoti haya sasa—"

"Hodi!" Mwenye Saluni hakungoja kukaribishwa. "Kaka yupo njiani, kasema tumtayarishe... Eh, Mpimaji! Karibu nyumbani." Alitazama uso wa mmoja, akatazama wa mwingine. "Kuna msiba?"

"Mama alitaka kumtoa Karani," binti akasema, "ili asiniambie kwamba anaihitaji cherehani ya zamani."

Mwenye Saluni akamgeukia Fundi, mkono kiunoni. "Unamwogopa huyu? Huyu huyu unayetuhubiria kutwa? 'Binti yangu hatetereki, binti yangu wanaume wazima wanamshikia kamba!' 'Mimi napima viuno, yeye anapima viwanja!' Wateja wangu wameyakariri, wanayaimba wakisukwa!"

Binti akamgeukia Fundi. "Mama anasema hivyo?"

"Kumbe hakuambii?" Kwa mara ya kwanza tangu afahamike mtaani, Mwenye Saluni alipunguza sauti. "Basi mbwa amekushinda, dada. Yeye anachotaka anakisema."

Karani alirudi ndani, akalala juu ya buti za binti.

"Ile meza yake bado ipo?" binti akauliza. "Ya ile kuukuu?"

"Ipo stoo."

"Basi tusichague." Akavua mkoba.

Waliitoa stoo watatu, wakisukumana na kupeana lawama. Fundi alifungua kichwa cha cherehani kuukuu kwa mikono yake, akakifuta, akakiweka juu ya rafu kama mzee anayepewa kiti chake. Palibaki meza ya chuma yenye tundu katikati, na chini yake pedali pana, inayobembea. Binti akaomba futi. Akapima tundu, akapima kitako cha cherehani ya umeme, akachora mstari kwenye ubao uliokuwa umeegemea ukuta wa stoo, akaukata kwa msumeno bila papara. Fundi alikuwa anashika ubao. Aliiona ile mikono, jinsi ilivyovuta futi ikakaza bila kulazimisha, kidole gumba kikishika alama. Ni yeye aliyemfundisha kushika futi hivyo, na sasa mikono hiyo ilikuwa imempita, na kifua chake kilijaa mpaka akaogopa kupumua kwa sauti.

Ubao uliingia kama uliozaliwa pale. Meza ikarudi kwenye alama zake sakafuni, cherehani mpya ikakaa juu ya miguu ya zamani. Waya haukufika kwenye soketi. Mwenye Saluni alivuka barabara akaleta wa kwake mrefu, akitangaza kwamba ni wa kuazima, si wa kurithi.

Fundi akakaa. Akavua ndala, akaweka kile kikanyagio cha plastiki upande mmoja wa pedali pana. Cherehani ikanguruma. Karani alinusa miguu ya chuma, mmoja baada ya mwingine, akapiga chafya. Kisha akainua mguu wake na kuuweka juu ya pedali, kando ya unyayo wa Fundi. Chuma kikalia kwii, kama kilivyolia miaka yote.

Fundi aliachia kazi katikati ya mshono, akainuka, akafungua mlango. Mbwa akatoka kwa mwendo wa afisa. Fundi alimngoja hadi akamaliza kule uani, akasema kwa sauti ambayo mtaa wote ungeweza kuisikia, "Umefanya vizuri, Karani! Umefanya vizuri sana!"

"Na kaka yangu je?" Mwenye Saluni akauliza.

"Mwambie atafute karani mwingine. Huyu ameajiriwa moja kwa moja."

Jua lilipoanza kushuka, binti alichukua mkoba wake. Wenzake walikuwa wanamngoja barabarani. Mlangoni akasimama, akainamisha shingo kidogo, kama kawaida yake, akingoja.

Mikono ya Fundi ilipanda yenyewe hadi kwenye kola. Kola ilikuwa sawa. Haikuwa na kasoro hata chembe. Karani alikuwa amekaa wima kati yao, akimtazama mmoja, halafu mwingine.

"Kola yako..." Fundi alianza, akakwama. Akaiacha, akamshika binti yake mabega.

"Ulipokuwa wa kwanza chuoni nilikimbia barabarani bila viatu kwenda kuwaambia watu," alisema. "Nilipaswa kuanza na wewe. Najivunia wewe, mwanangu. Kila siku najivunia wewe."