Barafu ya Sangara

Mwesiga aliuza samaki katika mwalo mmoja wa wavuvi wilayani Muleba. Yeye na mkewe Annastella walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Mama yake Mwesiga, Bi Clotilda, alikuwa na neno moja kwa mkwewe: "Hata mgomba usiozaa hung'olewa." Chakula alichopika Annastella hakukigusa. Tayari alikuwa amemtafutia mwanawe msichana wa kijiji cha Kaagya aitwaye Joyness.

Mwaka huo Daktari Nancy, mtafiti kutoka Bukoba, alifungua chumba cha vipimo Muleba mjini. Alitaka wanaume wa kupima katika utafiti wake. Katika ndoa nyingi zisizo na watoto, alisema, tatizo huwa kwa mume, au kwa wote wawili, lakini anayepimwa ni mke peke yake. Mwesiga alikubali. Hata hivyo, kutoa mbegu nyuma ya pazia huku wauguzi wakipita na kusalimiana kulimshinda. Nancy akamruhusu kutolea nyumbani.

"Funga kopo vizuri, uniletee ndani ya saa moja. Mbegu zisiharibike."

Mwesiga alijua jinsi ya kuzuia kitu kisiharibike. Alikuwa pia amesikia redioni kwamba mbegu za wanaume hugandishwa na kukaa miaka. Alilizika kopo katika ndoo ya barafu, ileile ya kuwekea sangara, akapanda pikipiki. Mlangoni alilitoa, akalifuta maji, akamkabidhi mpokeaji.

Jibu lilikuwa fupi: hakuna mbegu hata moja iliyosogea.

Siku hiyohiyo aliwakalisha mama yake na kaka yake Evarist sebuleni.

"Tatizo ni langu," alisema. "Msimguse tena Annastella."

Evarist alijaribu kutania. "Kumbe jogoo wetu ni wa maonyesho!" Hakuna aliyecheka. Bi Clotilda alilia sana. Kisha akaenda jikoni, akachukua kisu, akaketi karibu na mkwewe, wakamenya ndizi pamoja. Habari ya Joyness ikaisha. Jumapili, wakitoka kanisani, alimshika Annastella mkono mbele za watu na kumwita mwanangu.

Mwezi uliofuata Nancy alipiga simu. Mwesiga alikuwa jikoni na mkewe aliyekuwa akimenya ndizi, akaweka simu sauti ya wazi ili naye asikie.

"Kipimo kimoja hakitoshi, waitu," alisema kwa upole wa Kihaya. " Tunarudia."

"Nilete barafu nyingi zaidi safari hii, daktari?"

"Barafu gani?"

"Ile niliyowekea kopo. Labda ilikuwa imeanza kuyeyuka."

Nancy alieleza polepole. Maabara hugandisha mbegu zikiwa zimechanganywa na dawa ya kuzikinga. Bila dawa hiyo, baridi ya ghafla huzidhuru. Kopo lilipaswa kuja kwapani, kwenye joto la mwili.

"Kwa hiyo mimi ni mzima?"

"Sijui. Kipimo kile hakisemi chochote. Nilipaswa kukueleza kuhusu baridi, sikueleza. Njooni wote wawili. Tukijua tatizo, huenda likatibika. Likishindikana, kuna kupandikiza mimba, ingawa kufaulu si hakika. Ila msichelewe, Annastella ana miaka thelathini na nane."

Simu ilipokatika, Annastella aliendelea kumenya.

"Tutaenda Jumatatu," Mwesiga alisema.

"Ukikutwa mzima utamwambia nini mama?"

"Hatutamwambia."

"Wewe? Jibu lile la kwanza uliweza kulificha hata siku moja?"

Mwesiga alianza kukusanya maganda.

"Wakijua ni mimi, Joyness anarudi. Utakataa mwaka mmoja. Wa pili Evarist ataanza kukuletea wazee wa ukoo wakubembeleze uoe."

"Na mtoto?"

Annastella aliweka kisu chini. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikubadilika.

"Mtoto nimemtaka miaka tisa. Ningekuwa na hakika kwamba nitampata, ningekwenda kwa miguu. Daktari mwenyewe kasema si hakika. Nikimkosa, nimekosa na hapa pa kukaa. Usirudie kipimo, Mwesiga. Nakuomba."

Mwesiga alijua kwamba mkewe hakukosea kuhusu Evarist, wala kuhusu yeye, mumewe.

Jumatatu alimpigia Nancy, akasema anajitoa katika utafiti.

"Ni haki yako," Nancy alisema. "Lakini naomba uelewe: hatujathibitisha kwamba huwezi kuzaa."

"Naelewa, daktari. Naomba usimwambie mtu mwingine hilo."