Kasoro ya Mzee Nasser

Katika gereji ya Mzee Nasser, pale Buyenzi, mwanafunzi haitwi fundi mpaka afaulu mtihani mmoja. Mzee huinamia injini peke yake, akalegeza waya au akaziba bomba, kisha hufunga kapo la gari na kusema: "Tafuta." Ukiipata kasoro, anakuita fundi kwa mara ya kwanza, tena mbele ya watu. Usipoipata, rudi ukaoshe vyuma.

Miza, binti yake wa pekee, hakuwahi kupewa mtihani huo. Yeye aliwekwa dukani kuuza vipuri, na laiti angetulia hapo, baba yake asingekuwa na neno. Lakini binti alikuwa na kichwa kigumu, na kichwa hicho hakukiokota njiani. Alitaka kazi ya maabara. Staji yake, mafunzo ya kazi ya mwezi mmoja katika kliniki ya Kamenge, ilikuwa inaisha, na ili ajiandikishe chuoni alihitaji baba aseme ndiyo.

"Apana!" alisema baba. "Mutoto wangu achungulie mikojo ya watu?"

"Baba, na we si unachungulia oili ya watu?"

"Oili iko na heshima yake," alijibu Nasser, akajua mwenyewe kwamba jibu limechechemea.

Basi akaamua kumpima kwa kipimo anachokijua. Alhamisi alitokea kliniki na kichupa cha mkojo wake, amekificha ndani ya boksi la plagi, maana Buyenzi ukipita na kitu mkononi utaulizwa na mtaa mzima.

Madame Irène, mkuu wa maabara, mwanamke asiyecheka kabla ya saa sita, alimsukumia Miza kichupa. "Fanya peke yako." Nasser akakaa kwenye benchi na wagonjwa, kicheko amekibana mashavuni.

Miza alikiinua kichupa kwenye mwanga. Rangi ilizidi. Akachovya kijiti cha kupimia, akakilinganisha na rangi za kwenye kopo. Akaweka tone chini ya darubini, akacheka peke yake. Kisha akakitazama kijiti tena, na kicheko kikakatika. Akachukua kijiti kingine, akarudia. Chuo hakikuwamo tena katika mawazo yake.

Alitoka. "Baba, umetia chai humu. Vipande vya majani nimeviona."

Nasser akapiga paja. "Alhamdulillahi! Mutoto wa nyoka ni nyoka!" Benchi zima likageuka. Mdomo ulikuwa tayari kumwita fundi, lakini Miza alichutama mbele yake.

"Hiyo chai ilikuwa na sukari?"

"Apana. Turungi kavu, bila maziwa wala sukari, imetoka moja kwa moja kwenye birika."

"Kweli, Baba?"

"Wallahi."

"Basi sukari iliyo humu ni yako. Tena nyingi."

Nasser aliikumbuka kiu ya wiki hizi, birika analolimaliza peke yake, na zile safari za chooni alizosema ni za uzee.

"Kasoro hiyo," alisema polepole, "mi sikuiweka."

"Najua, Baba." Aliogopa, na hakuificha hofu yake, maana mwezi mzima hakuna aliyemfundisha namna ya kumpa baba yake majibu. "Kesho njoo bila kula kitu, tupime damu. Sukari ikijulikana mapema, inatunzwa."

Ijumaa, kliniki haijafunguliwa, mzee alikuwa mlangoni, tumbo tupu, kanzu imepigwa pasi. Injini hajawahi kuziogopa, ila sindano ni jambo lingine, na wagonjwa wote walimwona akitokwa jasho. Madame Irène alipoishika sindano, Nasser aliurudisha mkono wake nyuma.

"Apana, Madame. Huyu."

Akamnyooshea Miza mkono, akafumba macho kabisa.

"Haya, fundi," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Fungua kapo."