Safu ya Tatu, Kiti cha Kumi na Moja

Ngozi ya kile kiti chekundu ilikuwa imechanika mahali pamoja tu, upande wa kulia, pale ambapo kwa miaka ishirini kidole gumba cha Mzee Hosea Tolliver kilichokoa sponji kila alipokaribia kusema neno la mwisho. Watu wa saluni ya Verdine walikuwa wamejifunza kukisoma kidole hicho. Kikianza kuchokoa, hata mashine za kunyolea zilizimwa.

Hakikuwa kiti cha kunyolewa. Kilikuwa kiti cha shahidi. Baba yake Verdine, aliyeifungua saluni hiyo mjini Gary enzi zile tanuri za chuma zilipokuwa bado zinalipaka anga wekundu, aliacha sheria moja, na binti yake akairithi pamoja na mikasi: bishaneni mpendavyo kuhusu mpira wa kikapu, lakini aliyekuwepo uwanjani ndiye anayekata maneno. Aliyeona kwenye televisheni ana maoni yake. Aliyesimuliwa anyamaze, anyolewe, aende zake.

Ubishi wa mahali pale ulikuwa na makao yake. Ungeweza kuanzia kwenye mechi ya jana, ukazunguka nchi nzima, lakini mwisho ungerudi kwa Ambrose Gaines, nyota wa timu yetu, na ile faulo. Sekunde nne zimebaki, mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali, timu yetu iko mbele kwa pointi moja. Malloy wa timu pinzani anaruka kufunga, Gaines anaruka naye, na refa anapuliza filimbi. Malloy akapewa mitupo miwili, akaifunga yote, na mji mzima ukalala na viatu miguuni kwa majonzi. Miaka thelathini na miwili imepita, na picha ya televisheni haijawahi kusaidia kitu, maana mgongo wa refa uliziba kila kitu. Kiganja cha Gaines kiligusa mpira au mkono? Aliyejua ni aliyekuwepo.

"Safu ya tatu, kiti cha kumi na moja," Mzee Tolliver angeanza, bila haraka. "Kiganja kiligusa mpira. Kingegusa mkono, ningesikia ngozi inalia. Mimi nilisikia kofi juu ya donge la unga lililoumuka. Pwa! Laini, la kujaa. Basi. Kama si refa yule, Gaines ana pete ya nne ya ubingwa na hakuna wa kumtaja naye."

Lonnell Boykin aliichukia ile pwa kuliko kelele yoyote duniani. Yeye alikuwa fundi wa mabasi, mtu wa takwimu, aliyehifadhi kichwani mechi za watu waliokufa kabla hajazaliwa. Hoja yake ilikuwa imenyooka: pete tatu za Gaines zilipatikana kwa kuwapiga vibonde, timu zilizofika fainali zikichechemea, na siku moja tu aliyokutana na wanaume wenzake, alicheza faulo. Huyo hawezi kuketi meza moja na magwiji wa nyakati zote. Lonnell alikuwa na tarehe, alikuwa na majina ya majeruhi. Kisha kidole kingechokoa sponji.

"Ulikuwepo, kijana?"

Na kicheko kingemfunika. Siku moja alikuja na binti yake, Imani, wa miaka tisa, naye Mzee akamwinamia yule mtoto na kusema, "Msamehe baba'ko. Siku ile alikuwa bado anajikojolea." Saluni nzima ikaangua. Imani naye akacheka, akiwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, na kicheko hicho kidogo ndicho Lonnell alichoondoka nacho, akakitunza.

Mama yake Lonnell alifariki majira ya kuchipua. Katika kuondoa vitu nyumbani kwake, Lonnell alikuta kopo la biskuti chini ya masweta, na ndani ya kopo kipande cha tiketi kilichofifia. Aliisoma tarehe mara mbili. Mchezo wa saba. Safu ya tatu. Kiti cha kumi na moja. Nyuma, kwa kalamu ya risasi, jina la baba yake: Earl Boykin.

Baba hakuwa na umbo katika kumbukumbu za Lonnell. Alikufa katika ajali ya barabarani wakati mwanawe ana miaka minne, na mama, mtu wa kufunga milango, hakumtaja tena. Kilichobaki kilikuwa mkono wa shati na harufu ya hamira, kwa kuwa Earl alifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Mtu mwingine angekaa kitandani na tiketi ile alie. Lonnell alisimama. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa furaha ambayo hakuionea aibu mpaka baadaye sana.

Alisubiri Jumamosi. Alisubiri mpaka viti vijae. Alimwachia Purvis, dereva wa lori la taka na mchochezi asiye na mshahara, aanzishe faulo ile. Alimwachia Mzee achokoe sponji, ataje safu, ataje kiti, afike hadi kwenye donge la unga.

"Ulikuwepo, Mzee?" akauliza Lonnell.

Mashine za kunyolea zilikuwa tayari zimezimwa.

"Ati nini?"

"Nauliza tu. Ulikuwepo?" Akaipeleka tiketi kwa Verdine, siyo kwa Mzee. "Soma, Dada. Soma kwa sauti. Na nyuma usome."

Verdine alisoma. Alipofika kwenye jina, sauti yake ilishuka.

"Kiti cha baba yangu," Lonnell alisema. "Miaka ishirini unakalia kiti cha marehemu, unanicheka nacho mbele ya mwanangu. Mwongo mkubwa wewe."

Kidole cha Mzee kilikuwa kimezama ndani ya tundu la ngozi na hakikutoka. Alikuwa na miaka themanini na moja, na mpaka dakika ile hakuna aliyekuwa ameihesabu.

"Nilimpa mimi," alisema. "Tulikuwa majirani. Mke wangu Nettie alikuwa amelazwa, na tiketi iko mfukoni. Nikamwambia Earl, nenda wewe. Kesho yake mchana akaja wodini na mkate wa moto, akakaa upande wa pili wa kitanda, akatusimulia mchezo. Robo zote nne. Nettie akacheka. Basi akawa anakuja kila siku. Nettie anamwambia, Earl, anza tena. Naye anaanza tena. Siku kumi na mbili. Halafu..."

"Kwa hiyo umesimuliwa," Purvis akamkatiza.

Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine akadakia.

"Ningesema nimesimuliwa," Mzee aliuliza, "mngenisikiliza?"

Lonnell ndiye aliyejibu, na alijibu upesi, kama mtu aliyelifanyia jibu hilo mazoezi. "Aliyesimuliwa anyamaze, anyolewe, aende zake. Au sheria ni yetu tu?"

Mzee alimgeukia Verdine. Yeye alikuwa akiipangusa mikasi iliyokuwa safi. "Sheria ni ya baba yangu, Mzee," alisema, bila kuinua uso.

"Faulo ya sita!" Purvis alipaza sauti, akapuliza filimbi kwa vidole viwili. "Toka uwanjani!"

Kicheko kilipiga kuta. Mzee alijaribu kuinuka, akarudi chini, akajaribu tena. Hakuna aliyemshika kiwiko. Aliitafuta kofia yake juu ya meza, chini ya kiti, akaigusa mifuko ya koti kana kwamba kofia huweza kukaa mfukoni. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya bega la Lonnell. Lonnell aliiona. Alimtazama mzee anavyozunguka, na hakunyoosha mkono mpaka yule mzee alipokata tamaa na kutoka kichwa wazi kwenye manyunyu.

Wiki hiyo Lonnell alilala vizuri.

Jumamosi iliyofuata kiti chekundu kilikuwa kitupu na kofia iko palepale. Walitaniana kidogo kuhusu kofia, utani ukaisha mapema. Kisha Purvis, ambaye hakuweza kuvumilia ukimya, akasema, "Haya, Lonnell, bingwa wetu. Kiti ni cha baba'ko. Tuambie, ilikuwa faulo au siyo?"

Lonnell alifungua kinywa. Majeruhi, tarehe, vibonde, vyote vilikuwepo, vimejipanga. Lakini kilichomjia mdomoni kilikuwa kitu kingine. "Kofi," alianza, "juu ya donge la unga..."

Akageuka kukitazama kile kiti chekundu.

Mzee Tolliver alikuwa amechomelea vyuma miaka arobaini. Mikono yake ilijua tanuri, ilijua cheche. Ni nani aliyewahi kupiga donge la unga lililoumuka, akajua sauti yake, akajua kwamba ni laini na ya kujaa? Kwa miaka ishirini, kila Jumamosi, Lonnell alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka kwa sauti ya baba yake, na akaziba masikio.

"Ulikuwepo?" Purvis akauliza, na saluni nzima ikacheka, na kicheko kilikuwa kilekile.

Lonnell alichukua kofia msumarini. Nyumba ya Mzee ilikuwa mtaa wa tatu, ya mbao, ngazi zake zimelegea. Kupitia mlangoni alisikia televisheni: mchezo wa mtoano, mtangazaji akipandisha sauti. Alibisha. Sauti ya televisheni ikapunguzwa.

"Mzee, ni Lonnell. Nimekuletea kofia."

"Iweke."

Aliiweka juu ya kiti cha barazani. Hakuondoka.

"Mzee. Baba alisimuliaje? Nisimulie tu ile robo ya kwanza. Nisimulie alivyoanza."

Lonnell aliusogeza uso karibu na mbao za mlango. Kisha sauti ikaja, karibu sana, kama ya mtu aliyesimama naye upande wa pili, mkono juu ya kitasa.

"Sikuwepo, kijana," Mzee alisema. "Muulize aliyekuwepo."

Televisheni ikarudi juu. Mahali fulani refa alipuliza, na watu elfu wakazomea.

Lonnell alishuka ngazi. Kwenye gari alikaa bila kuwasha. Alipiga kiganja kwenye usukani. Alipiga kwenye kiti cha pembeni, anapokaa Imani, kisha pajani, kisha kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya kiwiko, akisikiliza. Akapiga tena, polepole zaidi, na kila mara iliyolia ilikuwa ngozi, si unga.