Wigi Lililosusa Kulala

Vichwa vya plastiki vya kuvalisha mawigi vilipovunjika, shangazi yangu, msusi asiyeshindwa na kitu isipokuwa ushauri, alipuliza maputo akayavalisha mawigi yake. Kila asubuhi aliyasugua mawigi hayo kwa kitambaa cha sufu ili nywele "zilale kwa adabu." Saluni ikafanana na bunge: vichwa vingi, ndani hewa tupu.

Siku hiyo hewa ilikuwa kavu hadi midomo inapasuka. Akaingia mtangazaji wa televisheni, mchana huo anasoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza. Akitoka amependeza, shangazi atakuwa msusi wa kituo chao. Tulikuwa tumeshawatangazia majirani kama jambo lililokwisha.

Shangazi akalichomoa wigi kwenye puto, tatatata, akamvalisha. Nywele zikasimama. Nyingine zikamng'ang'ania mashavuni kama ndugu wanaodai urithi.

"Mama, ndiyo mtindo huu?"

"Tulia, binti yangu. Zimechangamka tu."

Akachana kwa kitana cha plastiki. Zikazidi. Dada wa watu akawa jua lenye pua.

"Shangazi, acha kuchana!" nikasema. "Unaziongezea chaji. Kila unywele una chaji sawa na mwenzake, ndiyo maana zinakimbiana kama wake wenza. Zipulizie maji, chaji iondoke."

"Maji yaniharibie mawimbi ya nywele? We kidomodomo, hiyo fizikia si ulipata sifuri?"

"Nilipata kumi na nane kwa mia!"

"Jamani, gari linanisubiri," mtangazaji akalia.

Shangazi akachana tena, kwa hasira. Vipande vya karatasi vikaruka kutoka mezani, vikajibandika kwenye wigi. Alipomgusa sikio, ta! Cheche.

"Uwiii! Mama, unanichoma!"

Hapo shangazi akanitazama kama mtu anavyoitazama dawa chungu. "Haya, leta hayo maji yako."

Nikapuliza kidogo kidogo. Nywele zikashuka kama wanafunzi waliomwona mwalimu mlangoni. Mawimbi yalikufa, sikatai, lakini uso ulionekana.

Mtangazaji akajigeuzageuza kwenye kioo. "Afadhali! Yale mawimbi yangeniziba macho, nisome habari kwa kunusa. Mama, kesho njoo studio. Viyoyozi vinakausha hewa, nywele za wenzangu zinasimama kila siku na hakuna anayejua dawa."

"Dawa ipo," shangazi akasema, akininyang'anya chupa ya maji. "Siri ya ukoo wetu hiyo, binti yangu. Hatuifundishi ovyo."