Mashine Inayouma Wezi

Nyumba ya Mzee ilikuwa imefurika watu siku hiyo mpaka viatu vya mlangoni vilipandiana. Wanawe wa kiume walikuja na wake zao, mabinti walikuja na waume zao, wajukuu walikuja na simu zao, na wote waliingia na sura ya huruma ambayo iliwatoka mara tu walipopata pa kukaa. Mzee alikuwa hajafa. Ila daktari alikuwa ametikisa kichwa, na katika ukoo ule daktari akitikisa kichwa watu hufunga safari upesi, maana anayechelewa hukuta hata mapazia yameshapata wenyewe.

Mzee, kwenye kiti chake cha mito, blanketi magotini, aliomba kitu kimoja tu. Tepu rekoda yake ya zamani, lile sanduku zito lenye magurudumu mawili ya tepu juu yake kama macho yaliyokodolewa, itengenezwe aione ikizunguka tena. Dada Mkubwa, bintiye wa kwanza, akamwita fundi aje kuifanyia hapo hapo sebuleni, watu wapate na cha kutazama.

Kunguru alikuwa jikoni. Hilo ndilo jina walilomwita. Lile alilopewa na marehemu baba yake lilibaki kwenye kitambulisho, hata majirani hawakulijua. Alikuwa binti wa mdogo wake Mzee, akaletwa nyumba hii akiwa mdogo baada ya kufiwa na wazazi. Kwa hiyo Mzee alikuwa baba yake mkubwa, na hao waliojaa sebuleni walikuwa kaka na dada zake. Yeye ndiye aliyemwogesha Mzee, akamlisha, akambadilisha shuka usiku na mchana. Na bado akipita na sinia, wake wa kaka zake walivuta mikoba yao karibu na mapaja. Si kwa ubaya, walisema. Mazoea tu.

Jina la Kunguru lilitoka kwenye mashine ile ile. Zamani, sauti ya Mzee ilipokuwa bado inatetemesha madirisha, tepu rekoda ilikuwa hakimu wa nyumba. Kikipotea kitu, watoto walipangwa mstari, kila mmoja aguse ukingo wake wa chuma. "Haimuumi msafi," Mzee alisema. Basi kikapotea kipuli cha dhahabu cha Mama Mkubwa, mkewe Mzee. Dada Mkubwa akagusa, kimya. Kaka zake wakagusa, kimya. Yule yatima akaitwa kutoka kudeki ukumbi, tambara bado linamdondoka maji mkononi, akagusa, akarushwa mpaka ukutani.

Kesi ikaishia hapo, na jina la ndege mdokozi likamganda. Shule akaachishwa, maana mwizi wa nini shuleni. Alipokuwa mkubwa na mchumba akaja na wazee wake kuulizia, Mama Mkubwa mwenyewe aliwakalisha wale wakwe, akawaambia kwa upole kaeni naye lakini fungieni vitu. Wakaaga kwa adabu, hawakuonekana tena. Na lililo baya kuliko hayo yote, Kunguru mwenyewe aliamini. Utoto mzima alilala akijiuliza ni lini alikichukua kile kipuli na alikificha wapi. Aliwahi kuchimba chini ya ndoo za nyuma ya nyumba, akikitafuta akirudishe.

Huko sebuleni fundi alikuwa keshafungua mgongo wa mashine. Alikuwa mtu wa maneno mengi, tumbo mbele, kicheko karibu, na kwa muda mfupi tu alikuwa ameshazoeana na nyumba nzima.

"Fundi, chomeka basi tusikie!" alisema Shemeji, mume wa Dada Mkubwa, ambaye hakuwahi kukaa kimya penye watu zaidi ya watatu.

"Nikichomeka sasa hivi, Shemeji, tutakachosikia ni wewe ukipiga yowe."

Watu wakacheka. Fundi akachukua bisibisi yenye mpini wa plastiki na kipande cha waya, akagusisha miguu ya kidude fulani kama kopo dogo. Kikatoa cheche, wajukuu wakaruka. "Mnaona? Hii imelala miaka na miaka, lakini asubuhi, kabla hamjajaa, niliijaribu kidogo, na hiki kinanyonya umeme kinakaa nao hata ukichomoa. Ukitia kidole kwa pupa, unaondoka na Mzee msafara mmoja."

"We fundi!" wakamkemea wanawake, huku wakiziba midomo wasionekane wanacheka.

Kunguru alipomletea chai, fundi alikuwa ameshika waya wa zamani. Mpira wake ulikuwa umekauka, ukimeguka vidoleni kama biskuti, na shaba ilikuwa wazi mahali ulipopita kwenye fremu ya chuma.

"Mama, hebu niambie," akamuuliza kwa sauti ya kawaida, akikoroga sukari. "Hii mashine ilikuwa inapiga watu?"

"Ilikuwa inauma wezi," alijibu Kunguru, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa wake.

Fundi akacheka mpaka chai ikamwagikia kisahani. "Wezi gani, mama yangu! Tazama hapa. Waya wa moto umelalia bati. Na huu mwingine, mtu katoa fyuzi akazungusha kipande cha waya, isije ikakatika. Hii ilikuwa inampiga yeyote aliye peku. Simama peku kwenye saruji iliyolowa, hata uwe malaika, inakubwaga. Vaa ndala kavu, hata uwe umeiba benki nzima, husikii kitu."

Kunguru hakuondoka. Sinia lilikuwa limeinama mkononi, kijiko kikateleza, kikaanguka, hakukiokota.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Hapo pa ndala."

Fundi akarudia, safari hii taratibu, maana aliuona uso wake. Kunguru aliziona ndala za watoto wa nyumba ile kama zimepangwa mbele yake: za bluu, nyekundu, zenye kamba ya njano. Yeye aliambiwa angoje za wenzake ziwabane.

Alimkuta Dada Mkubwa jikoni, kafunua sufuria anachagua nyama kwa vidole. Kunguru akafunga mlango.

"Dada, umesikia alichosema fundi?"

"Kuhusu?"

"Mashine. Kwamba inampiga aliye peku."

"Ah." Dada Mkubwa akapuliza kipande cha nyama. "Hilo mbona tunalijua tangu utoto. Unadhani tulikuwa tunagombania ndala kwa urembo?"

Kunguru akashika ukingo wa meza.

"Na kipuli?"

"Kipuli kilitumbukia chooni. Nilikivaa nikicheza bibi harusi." Alisema hivyo huku anatafuna, bila haya, kama anayesimulia kituko cha mtoto wa jirani. "Usinitazame hivyo bwana. Nilikuwa mtoto."

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Mbona hukusema?"

"Ningesema si ningepigwa mimi? Wewe ulikuwa umeshapigwa."

Kutoka sebuleni kilisikika kicheko kingine kikubwa. Kunguru alingoja kipite. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia dada yake, ya shule, ya mchumba, ya zile ndoo za nyuma ya nyumba, lakini likatoka moja tu.

"Mwambie Mzee. Leo, wakati bado anasikia. Mbele ya hawa watu. Sitaki nyumba, sitaki hata kijiko. Aseme tu kwamba sikuiba."

Dada Mkubwa akajifuta vidole kwenye khanga ya Kunguru, akamshika bega. "Haya, mdogo wangu. Kwani wewe si damu yetu? Niachie mimi."

Na Kunguru akamwachia. Aliosha uso kwenye sinki, akajifunga khanga upya, akasimama nyuma ya mlango wa sebule akingoja kuitwa. Alikuwa anatabasamu, maskini, peke yake, nyuma ya mlango.

Kule ndani kazi ilikuwa inafika mwisho. Fundi alikuwa ametia waya mpya wenye nyuzi tatu, na ule wa tatu akaufunga kwenye fremu, kisha akautoa dirishani mpaka kwenye fimbo ya chuma aliyoigongomea ardhini, mahali maji ya bomba yanapomwagikia. "Huu ndio mlinzi," alieleza. "Umeme ukipotea njia, unashuka huku chini, hauingii kwa mtu." Akarudisha fyuzi ya kweli. Akaunga balbu katikati ya njia ya umeme: ikiwaka kali na kubaki hivyo, basi kuna mahali nyaya zimegusana. Balbu ikawaka, ikafifia, ikatulia na wekundu kidogo. Akagusa fremu kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa, haikuwaka. Mwisho akavua viatu na soksi, akamwagia maji sakafu, akaweka kiganja kizima juu ya chuma.

"Mtoto mchanga anaweza kuilalia," akasema, na nyumba ikapiga makofi.

Akasafisha kwa spiriti kile kichuma kinachosoma tepu, akabadilisha mpira wa kuzungushia, akavisha tepu tupu, akamwekea Mzee kipaza sauti kwenye meza ya pembeni. "Sasa najaribu kunasa. Ongeeni tu kama mlivyozoea, wala msijibane."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Mzee akayatazama, macho yakamlegea kwa furaha.

Hapo Dada Mkubwa akasimama, akapiga makofi. "Jamani, sikilizeni! Kuna jambo la Kunguru. Kunguru, njoo hapa katikati."

Kunguru akatoka. Dada Mkubwa akainama kwenye sikio la baba yake, akapaza sauti: "Baba! Mashine imepona! Unakumbuka ilivyokuwa inauma wezi?"

Mzee akaitikia kwa kichwa, akacheka bila meno.

"Basi tumpime tena Kunguru!"

Sebule ikalipuka. Wajukuu wakainua simu. "Mvueni ndala kwanza, asije akatuchezea!" alipiga kelele Shemeji, na kuna mkono ukamvua kweli, mguu mmoja baada ya mwingine, kama anavyovuliwa mtoto.

"Lakini jamani," fundi akaanza, "nimeshawaeleza, hii sasa haiwezi kumpiga mtu, na hata zamani..."

"Fundi, usitumalizie uhondo!"

Fundi akatazama huku na huku, akaona meno ya watu, akacheka na yeye. Hakuwa mtu wa kuharibu shughuli ya watu.

Kunguru akamtazama dada yake. Dada Mkubwa akamkonyeza. "Gusa, yaishe."

Akagusa. Chuma kilikuwa baridi, chenye maji kidogo, na hakikufanya lolote.

Kwa nukta moja Kunguru aliamini kwamba mtu atasema. Kisha mjukuu mmoja akapiga kelele: "Ametubu!" Na wote wakaidaka. Ametubu! Kunguru katubu! Vigelegele vikapanda mpaka darini.

Mzee akainua mkono. Wakanyamaza wote, maana ulikuwa mkono wa mtu anayekwenda. Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye mikunjo ya mashavu.

"Mwanangu," akasema. "Ulituibia. Mama yako mkubwa ameingia kaburini analilia kipuli chake. Lakini Mungu amekutakasa, nimeona kwa macho yangu. Na mimi nimekusamehe."

Wanawake wakaanza kulia. Shemeji alitoa leso.

"Baba Mkubwa, mimi si..." alianza Kunguru.

Vidole vya Dada Mkubwa vikamkaza shingoni. "Shukuru," akamnong'oneza. "Mzee anakufa, unataka kubishana naye? Unataka aondoke na kinyongo chako?"

"Shukuru, Kunguru!" wakamhimiza wengine.

"Huyu naye mgumu. Anasamehewa, anatutolea macho!"

"Fundi," Kunguru akageuka, "fundi, sema. Waambie."

Fundi alikuwa anavaa soksi. Aliivuta ile soksi kwa makini sana. "Mama yangu," akasema bila kuinua uso, "si yameisha vizuri lakini?"

Wakamsukuma mbele, wakampigisha magoti, mkono mwembamba wa Mzee ukawekwa juu ya kichwa chake. Kelele zilimfunika, zikaingia masikioni kama maji, na kwa kitambo hakujua nani anasema nini, wala kama mdomo wake mwenyewe nao ulikuwa unasema.

Zilipotulia, Mzee aliinyooshea mashine kidole. Fundi akarudisha tepu nyuma, akabonyeza, na sebule nzima ikainama kusikiliza.

Ilikuwa safi ajabu. Fundi mwenyewe alitikisa kichwa kwa kujisifu. Kikasikika kicheko, amri ya Shemeji, vigelegele. Kisha sauti ya Mzee, nzito na thabiti kuliko ilivyowahi kuwa mwaka ule wote: ulituibia, nimekusamehe. Palipokuwa na "mimi si" palikuwa na mtu anayelia kwa sauti, maneno hayakusikika kabisa. Na baada ya hapo, karibu sana na kipaza sauti, ikatoka sauti ndogo ya mwanamke, yenye adabu, wazi kila herufi:

"Asante, Baba Mkubwa. Nisamehe. Sitarudia tena."

Kunguru aliinua kichwa kumtafuta aliyesema. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, wanatabasamu.

"Rudisha," alisema Mzee. "Hapo pa mwisho. Nisikie tena."

Fundi akarudisha.