Magego ya Mkwe

Kila alfajiri, kabla ya kumfunga punda kwenye mkokoteni wa mikate, mwokaji alimmwagia ndoo ya keki zilizorudishwa na maduka. Punda walimwita Mkwe, kwa kuwa alikula kabla ya wenye nyumba. Nyasi hakupewa. Mwokaji alisema nyasi zinakatwa mbali, na keki ziko pale pale mlangoni.

Daktari wa mifugo alipomfungua kinywa, kuku walihama uani kwa harufu. Aling'oa gego lililotoboka, akaeleza kwamba meno ya punda yameumbiwa majani, si sukari. Wakiendelea hivi, yataoza yote, na Mkwe atakufa njaa huku ndoo imejaa.

Kesho yake pengo la Mkwe lilikuwa na gego la mwokaji. Mwokaji alijipapasa kwa ulimi, akaona kweli halipo.

"Mume wangu, jino lako linakula keki huko nje," mkewe alimwambia.

Akajibu kuwa afadhali halikwenda kwa mtu baki.

Gego lile nalo likaoza, likahamia jingine. Mvua zilipokatika, mwokaji alikuwa kibogoyo, na zamu ilikuwa ya mke. Daktari alirudi mara tatu, na mara zote tatu aliandika neno moja: nyasi.

"Yangu achukue yote," mke alimwambia mumewe. "Lakini mtoto ndiyo kwanza anaota meno ya ukubwani."

Mwokaji aliahidi kulifikiria. Alifikiri wiki nzima, hakudanganya, akabuni mkate laini usiohitaji kutafunwa. Wateja waliusifu. Ndoo ya keki haikuguswa na fikra zile.

Mama akawa anamfungua binti yake kinywa kila asubuhi na kuhesabu kwa kidole. Jumatatu kidole kilizama penye uwazi. Uani, Mkwe alikuwa akitafuna polepole, na nyuma ya ule mdomo mkubwa kulikuwa na kijino cheupe, kidogo kama punje ya hindi bichi.

Mtoto hakulia. Alikaa kizingitini na kipande cha mkate laini.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Wanasaga wangu, anashiba mwingine."

Asiyejua jibu humpa mtegaji mji. Mama jibu alilijua. Alimpa mji hata hivyo, mji mzima, wenye majani mpaka magotini.

Mwokaji akaomba njia, akapita katikati yao na ndoo.